Baki

Babake yuko Fahud kwenye visima, zamu yake haijesha,
basi nilikwenda mimi.
Skuli ya wavulana, Mabela, saa nne asubuhi.
Ukumbi una viyoyozi vitatu,
kimoja kinadondosha maji juu ya kiti nilichopata.
Kina baba wako mbele, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata.
Sisi wanawake wanne tuko nyuma karibu na mlango,
kama tuliokuja kuazima kitu.

Mwalimu mkuu akasoma karatasi.
Tarajieni masomo kuwa mazito.
Tarajieni mtihani kila mwezi, na mradi wa sayansi,
na mwanafunzi abebe mkoba wake mwenyewe.
Tarajieni mabadiliko.
Hapo akakohoa, akageuza ukurasa.

Mabadiliko gani, hakusema.

Mpaka juzi Muhanna alikuwa wa walimu wa kike,
darasa la nne, mkubwa wa skuli nzima, mpiga kengele.
Abla Ghaniya akimfunga kamba za viatu
huku akimdadisi: jana kwenu mmepika nini?
Leo yeye ndiye mdogo wa wote.
Walio la kumi wana masharubu,
wanazungusha vidoleni funguo za magari ya kaka zao,
na shingo yake ndani ya kanzu mpya
inacheza kama mchi mwembamba kwenye kinu cha shughuli.

Wiki ya kwanza akaniambia: mama, niteremshe kwenye duka la karaki,
usifike getini.
Nikamteremsha.
Nikamwangalia kwenye kioo mpaka kofia yake
nikaichanganya na kofia za wenziwe.
Gari ya nyuma ikanipigia honi.

Wiki ya tatu karudi na goti limechubuka.
Nani? Wapi? Umeanguka au umeangushwa?
Akanijibu kwa Kiarabu, kisha kwa mlango.
Kiswahili chake siku hizi ni cha njaa na cha usingizi tu,
vingine vyote ana wa kuwaambia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wananiambia kwenye simu.
Haya. Na akikua kuanzia saa moja mpaka saa nane,
mimi sipo, namlea vipi?

Jumatano usiku, nasugua sufuria ya wali wa nazi,
kaja jikoni na daftari, kalamu kaitafuna kichwa.
Mia tatu na kumi na saba, gawa kwa kumi na mbili.
Hesabu mimi nilisomea Unguja,
benchi moja watoto wanne, chaki mpaka kwenye nyusi.
Nikafuta mikono kwenye kanga.
Kumi na mbili kwenye thelathini na moja inaingia mara mbili.
Ishirini na nne. Toa. Imebaki saba.
Sasa teremsha ile saba nyingine.
"Teremsha?"
Ishushe hapa, ikae na mwenzake.
Sabini na saba. Mara sita. Sabini na mbili. Toa.
"Baki tano," nikamwambia.

Akainua uso.
"Baki? Ustadhi naye anasema hivyo hivyo. Al-baki."
Akalirudia, akacheka peke yake,
kama aliyekuta pipi ya bibi yake
kwenye mfuko wa kanzu ya skuli.
Neno limepita uwanja wa ndege
na hakuna aliyeliuliza viza.

Ile karatasi ilikuwa bado mlangoni mwa friji.
Mzazi atie saini: nimesoma na nimefahamu.
Kusoma, nimesoma.
Nikatia saini, wino ukakwama kwenye herufi ya mwisho.

Asubuhi yake, duka la karaki.
Kateremka mbio, kasahau sambusa zake kwenye kiti.
Nikapiga honi mara moja, fupi, ya aibu.
Hakugeuka. Alikuwa na wenziwe watatu.
Lakini mkono ukainuka nyuma ya mgongo wake,
wazi,
vidole vitano.